Babu Aliyeandikwa Upya

Mjukuu wangu aliponiletea maandishi yake ya kwanza niliyasoma mpaka mwisho, kisha nikamrudishia daftari. Nikamwambia, "Hiki ni kitabu kile kile, ila mwandiko wako unasomeka kwa shida zaidi."

Alikuwa amenakili kurasa nzima nzima, neno kwa neno, na vichwa vya habari akavipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Kitabu chenyewe kilikuwa cha maisha ya daktari mmoja mwanamke, cha kuazima shuleni. Mwalimu wake aliwaagiza kila mmoja asome maisha ya mtu na aandike aliyoyapata. Yeye aliyapata yote, tangu kijiji alichozaliwa daktari mpaka nishani aliyovishwa. Basi aliposikia maneno yangu akavimba mashavu.

"Bibi bwana, unanizingua," akasema. Maneno hayo alikuja nayo kutoka Dar es Salaam, ambako mama yake, binti yangu, bado anafanya kazi. Hapa Kibiti alikuja kwetu kusoma, na mimi na yeye tulikuwa tunaitana wake wenza, kwa kuwa babu yake alikuwa akimwita mchumba wake mdogo.

Nikamwambia akae. Mimi nimefanya kazi masijala mpaka nikastaafu, na masijala ndiko nilikojifunza kusoma watu. Jalada la mtumishi lina barua ya kuajiriwa, barua ya kupanda cheo, labda na barua ya onyo, kisha barua ya kustaafu. Ukilisoma harakaharaka utadhani umemjua mtu. Ukilisoma polepole utaona palipo na pengo: mwaka mzima hakuna karatasi hata moja, halafu ghafla kahamishwa. Mimi nilikuwa napenda mapengo. Wenzangu walisema nina umbea wa kiserikali, na sikuwabishia.

Nafasi ya kubishana na mtoto nilikuwa nayo tele, maana nilikuwa nimekaa eda. Mume wangu alifariki mvua zilipoanza, na tangu hapo nikawa mtu wa ndani na uani, sokoni siendi wala harusini siendi. Waliokuja kunipa pole walikaa mkekani, wakamsifu marehemu, wakaomba dua, wakaondoka. Mtoto akirudi shule alinikuta palepale aliponiacha asubuhi, nachambua mchele au namenya muhogo, na hamu ya kuzungumza imenijaa mpaka kooni.

Sasa, nyuma ya daftari lile lile alikuwa ameanza kuandika maisha ya babu yake. Mwalimu hakumwagiza, aliamua mwenyewe. Alinionyesha kwa fahari, akasimama pembeni kungoja sifa. Aliandika kwamba babu alikuwa mpole, hakuwahi kukasirika hata siku moja, alimpenda kila mtu na kila mtu alimpenda.

Nilisoma mara mbili. Mtu huyo sikumjua. Mimi nilikaa na mume wangu tangu nikiwa msichana, nikamfulia, nikagombana naye, nikamzalia watoto, na kwenye ukurasa ule hakuwepo. Wageni wa mkekani walikuwa wamekwisha kumchukua kidogo kidogo, kila mmoja na sifa yake, wakaniachia malaika. Na malaika mimi sina la kuzungumza naye. Nikamtazama mtoto yule, ambaye ndiye atakayemkumbuka babu yake kwa miaka mingi kuliko sisi wote, nikaona naye anasaidia kumpoteza. Niliumia sana. Ndiyo sababu niliishika kazi ile ya kusoma kuliko hata mwalimu alivyotaka.

Mtu atauliza, kwa nini sikumwambia tu kasoro za babu yake? Kwanza, mjane aliyekaa eda akianza kutaja kasoro za marehemu, majirani hawatapata usingizi kwa kumsema. Pili, asingeniamini. Siku ya mazishi nilikwisha kuona.

Siku ile walikuja watani. Mume wangu alikuwa Mndengereko wa visiwani huko delta, na mtani wake mkubwa ni mzee mmoja Mmatumbi anayeuza mahindi sokoni, rafiki yake tangu ujana. Mzee yule alifika akavaa kofia ya marehemu, akavaa na koti lake, akalala mlangoni akasema maiti haitoki mpaka alipwe. Akapaza sauti kwamba marehemu alikuwa bahili wa sukari, chai yake ungeweza kunawia. Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku machozi yanawatoka, na ndiyo kazi ya mtani, kumsema marehemu wakati wengine wote wanaona haya. Lakini mjukuu wangu hakuwahi kuona msiba kwa karibu. Misiba ya nyuma alipelekwa kwa jirani na watoto wenzake. Alichoona yeye ni mtu anamtukana babu yake siku ya kumzika. Akabeba beseni la maji ya kuoshea vyombo, akammwagia mzee wa watu kuanzia utosini.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Walidhani mtoto kajibu utani. Mimi niliyekuwa ndani nilimsikia anavyolia, nikajua hakuna utani pale. Tangu siku hiyo akikutana na mzee yule njiani alikuwa anavuka barabara.

Basi tukaanza na daktari. Nilimwekea sharti moja: asome sura moja, afunge kitabu, kisha anisimulie huku tunachambua mchele. Atakachokumbuka bila kufungua ndicho atakachoandika. Na kila anachoandika nitamuuliza, mwandishi amejuaje?

Wiki ya kwanza ilikuwa vita. "Alikuwa hodari tangu utotoni," akaniambia.

"Nani alimwona?"

"Kitabu kimesema."

"Kitabu kina macho?"

Akanikatia jicho, akaenda zake kuteka maji. Lakini mtoto huyu akichokozwa halali. Kesho yake niliona kaandika pembeni mwa daftari, kwa herufi ndogo, "Mwandishi alikuwepo? Au daktari alimwambia mwenyewe? Mtu akijisimulia atasema alikuwa mjinga?" Nilijizuia nisishangilie. Nilimwambia tu kwamba muhogo umeiva, aje ale.

Polepole akanogewa. Siku moja aliingia uani hata viatu hajavua, kashika kitabu kifuani.

"Bibi, mama yake yuko wapi?"

"Mama wa nani?"

"Wa daktari! Sura ya tatu anauza maandazi ili mtoto asome. Sura ya nne mtoto kapanda ndege, mama hayupo. Sura ya tano hayupo. Nimetafuta mpaka mwisho. Kafa? Kahama? Hata kwenye nishani hayupo!"

"Kitabu kinasemaje?"

"Hakisemi."

"Basi andika hivyo, kwamba hakisemi. Halafu andika nani angeulizwa."

Aliandika kurasa mbili, zote za kwake, zimejaa hasira. Aliandika kwamba wadogo zake daktari hawakuulizwa, na wagonjwa waliotibiwa vibaya hawakuulizwa, maana haiwezekani daktari atibu miaka yote hiyo asikosee hata sindano. Nilisoma nikafurahi kama mtu aliyeletewa samaki mbichi. Nilikuwa nimepata mtu wa kusoma naye majalada.

Alipomaliza kumshughulikia daktari akafungua nyuma ya daftari. Alikaa akitazama ukurasa wa babu yake. Nikaendelea kupepeta mchele wangu, kimya, na kunyamaza kwangu mimi ni kazi kuliko kutwanga.

"Nimeandika hakuwahi kukasirika," akasema. "Nimejuaje?"

Nikaokota chuya moja, nikaitupa.

"Mimi nilikuwa shule muda mwingi." Akaanza kuwataja wote aliowasikia wakimzungumza babu yake, na wote walikuwa wageni wa mkekani, na wote walisifu. Aliyesema tofauti alikuwa mmoja tu. "Yule mzee wa kofia."

"Yule," nikamwambia, "ukienda mikono mitupu atakufukuza. Mtani hamwagiwi maji bure. Kamata yule jogoo mdogo."

Mimi sikuweza kutoka, kwa hiyo yaliyotokea sokoni nayajua kwa kusimuliwa, kwanza na mtoto, na baadaye na mzee mwenyewe eda ilipokwisha. Mzee alipomwona tu akapiga kelele soko zima lisikie.

"Jamani, muuaji wangu huyo! Ulitaka nife na mafua nimfuate babu yako, eti?"

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, marahaba. Faini yangu iko wapi? Ah, sasa huyu jogoo au kinda la njiwa? Nyie Wandengereko nyie, hata faini mnapunja!"

Mtoto akajikuta anacheka bila kutaka. Akakaa juu ya gunia la mahindi, akatoa daftari, akamuuliza kama mtu wa redio: babu yangu alikuwa na kosa gani? Mzee akaacha mzaha. Akamwambia kosa la babu yako lilikuwa kununa.

Akamsimulia. Walipokuwa vijana walikwenda pamoja visiwani kukata boriti za mikoko, na siku moja wakagombana kwa jambo la kipuuzi, wali ulioungua. Babu akanuna. Akaingia kwenye mtumbwi akaondoka, akamwacha mwenzake kwenye tope na maji yanaanza kujaa. Mzee akapanda juu ya mkoko, akakaa huko anaumwa na mbu, anatazama maji yanapanda shina. Halafu akauona mtumbwi unarudi. Babu akausogeza chini ya mti bila neno, akamngoja ashuke, akapiga kasia mpaka kambini kimya.

"Radhi hajaniomba mpaka anaingia kaburini," mzee akasema. "Lakini tangu mwaka ule, mpunga wake ukivunwa, mchele wa kwanza unakuja kwangu kabla yeye hajala. Ukimuuliza wa nini, ananuna tena." Mtoto aliniambia kwamba hapo mzee aligeuka akajifanya anafunga gunia lililokwisha kufungwa.

Alirudi nyumbani na uso umekunjana. Akatupa ndala, moja huku, moja kule.

"Alimwacha mtu afe, Bibi!"

"Akarudi."

"Lakini alimwacha!"

"Alimwacha, ndiyo."

"Kumbe ulijua?"

"Niliolewa naye, mke mwenzangu. Nisijue?"

Kisha akafungua daftari magotini, akaniuliza jambo ambalo kati ya wageni wangu wote wa mkekani hakuna aliyeniuliza. "Na wewe alikuwa anakununia?"

Nikaweka ungo chini. Nikamwambia yote, jirani asikie asisikie. Nilimwambia jinsi babu yake alivyoninunia Ramadhani nzima kwa sababu nilikwenda kwa dada yangu Ikwiriri bila kumuaga vizuri. Mwezi mzima hakunisemesha. Lakini kila daku nilipoamka nilikuta uji umekwisha kupashwa moto na kikombe changu kimefunikwa kisahani, na yeye kakaa kwa mbali anatazama ukuta. Nilimwambia nilivyomchukia mwezi ule, na nilivyomcheka. Mtoto aliandika, akafuta, akauliza kisahani kilikuwa cha rangi gani, akaandika. Mchana ukapita, chakula cha mchana kikawa cha jioni. Nilijisikia vizuri siku ile kuliko siku yoyote tangu msiba.

Kesho yake, Jumapili, akanisomea alichokiandika. Ule ukurasa wa zamani alikuwa ameuchana. Alianza hivi: "Babu yangu alikuwa mtu wa kununa. Akikosa hakusema nimekosa." Akasoma habari za mkoko na mchele, akasoma habari za uji. Halafu akafika pahala ambapo sisi hatukumsimulia, si mimi wala mzee.

"Mimi niliangusha redio yake ikavunjika," akasoma. "Hakunigombeza. Alitoka nje akakaa mpaka jioni, nikamwogopa. Aliporudi alikuwa na muwa, akaumenya akanipa, hakusema kitu. Siku ile nilidhani alikwenda kununua muwa tu."

"Ndiye huyo," nikamwambia. "Ndiye huyo hasa."

Na nikalia. Nilikwisha kulia sana miezi ile, kwa kuwa watu wanalia na mjane hulia, lakini siku ile nilimlilia mume wangu mwenyewe, na kukaa kwake kimya, na mgongo wake akiwa kanigeuzia. Mtoto akaogopa. Alidhani amemwaibisha babu yake mbele yangu, akakimbilia mkoba wake wa shule kutafuta ufutio. Nikamshika mkono kabla hajafika kwenye karatasi, nikamwambia akae, anisomee tena tangu mwanzo.