Wimbo Uliobaki Bila Besi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata chai hainishuki. Juzi nilikusikia ukilalamika kwamba simu yako imesasishwa, na ile programu uliyoinunua kwa jasho lako sasa haifunguki mpaka ulipie toleo jipya. Ukasema huo ni wizi. Sikukujibu, kwa sababu neno hilohilo nililitamka mimi nikiwa na miaka ishirini na saba, na mpaka leo nalijutia.

Wakati ule nilikuwa katibu wa kwaya ya kigango chetu hapa Mjimwema, na kompyuta nilikuwa naijua mimi tu. Mtunzi wetu aliitwa Mwalimu Anselimu, mgane, mtu mpole. Kiharusi kilikuwa kimemlemaza mkono wa kulia, hawezi tena kuandika nota. Basi kila Jumamosi nilipanda baiskeli mpaka kwake Mshangano na kompyuta ya kwaya mgongoni. Yeye anaimba polepole, mimi naandika kwenye programu tuliyoinunua kwa kijana mmoja wa Mbeya, aliyeitengeneza mwenyewe. Ukishaandika, ilikuwa inakupigia sauti zote kwa pamoja.

Alikuwa anatunga wimbo wa kumkumbuka marehemu mkewe. Tulimaliza sauti tatu za juu.

"Besi nitaiweka nikizisikia hizo tatu pamoja," akaniambia. "Besi ndiyo inayobeba nyumba."

Wiki ile kompyuta ilikuwa nzito, nikamwomba fundi aniwekee mfumo endeshi mpya. Ikawa nyepesi kweli, lakini programu ya nota ikakataa kufunguka. Nikamwandikia yule kijana. Akanijibu kwa adabu: "Dada, mfumo mpya umenilazimu kuiandika upya karibu yote. Nimefanya kazi hiyo miezi mingi. Naomba mlipie kidogo, nitawatumia toleo jipya."

Nikapandwa na hasira. Kitu nilishakilipia, nilipie tena kwa lipi? Nikamwandikia kwamba yeye ni mwizi, na kwamba kwaya ya Mungu haitampa hata senti. Pesa ya kwaya ilikuwepo, mwanangu. Sikuzuiwa na umaskini. Nilizuiwa na kutaka kushinda.

Jumamosi mbili nikamdanganya Mwalimu kwamba kompyuta iko kwa fundi. Ya tatu akaniuliza tena, nikashindwa, nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, mkono wake mzima umeushika ule mgonjwa.

"Kile kinanda chetu cha zamani kilipokufa," akasema, "kikaja kingine ambacho nyimbo zangu hazikukaa sawa nacho. Nilizishusha sauti zote. Kwaresima nzima naandika upya. Kuna mtu aliniuliza nimekula nini?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Sikudai. Lakini niliona." Akanigeukia. "Na huo mfumo mpya, aliuweka huyo kijana?"

"Hapana. Niliagiza mimi."

"Basi hapo umwonee huruma. Ila na wewe una neno lako. Wimbo ni wetu, si vizuri ufungwe ndani kama mbuzi wa jirani aliyekamatwa shambani. Angetuachia angalau tuusome." Kisha akanitazama kwa upole ulioniumiza kuliko kofi. "Una haki, mwanangu, na yeye ana haki. Mimi ndiye nisiye na muda."

Jumatatu nikamwomba radhi kijana yule na kumtumia pesa yake. Hakunisimanga. Siku ya pili toleo jipya likafika, nikafungua, na wimbo ulikuwa mzima. Nikaendesha baiskeli mpaka Mshangano bila kupumzika.

Dada yake Mwalimu alinipokea mlangoni. Kiharusi kilikuwa kimerudi alfajiri ile, na safari hii kilichukua ulimi. Nikaiweka kompyuta kando ya kitanda, nikampigia sauti zile tatu. Akafumba macho. Midomo ikacheza, akitafuta besi yake, lakini hakikutoka kitu. Machozi tu. Siku nne baadaye tukamzika.

Hasira hasara, walisema waliotutangulia, nami nimeuonja ukweli wake. Wimbo ule tunauimba hadi leo. Watu wa besi husimama nasi, wakinyamaza tangu mwanzo hadi mwisho. Wapo waliotaka kuwatungia sauti yao, nikakataa.

Sasa nisikilize, mwanangu. Anayefanya kazi upya anastahili kulipwa upya; mkono mtupu haulambwi. Lakini anayekufungia kilicho chako mpaka ulipe, huyo amevuka mpaka, na unaweza kumwambia hivyo bila tusi. Kabla ya kusasisha chombo chako, uliza kwanza nini kitakufa. Kilicho cha thamani kichape kwenye karatasi, nami kama ningefanya hivyo mapema, tusingefika pale. Na ukiona kuna mtu anasubiri katikati ya ugomvi wako, mhudumie huyo kwanza. Bei mtabishana baadaye, kesi za namna hiyo huwa hazina haraka. Mtu ndiye mwenye haraka, hata kama hasemi.

Mungu akupe moyo wa kulipa jasho la mwenzio bila kinyongo, na ulimi wa kudai haki yako bila kumvunja mtu. Kazi ya mikono yako isikwame njiani, na wote unaowapenda uwafikie wangali wanaweza kukujibu. Amina, mwanangu.