Foleni ya Arusha na Macho ya Baba

Baba yangu aliendesha magari ya serikali miaka mingi, kisha akastaafu na kurudi kijijini Gitting kulima mahindi. Macho yake yalipoanza kufifia, mimi ndiye niliyempeleka Arusha kwa daktari, kwa gari dogo nililonunua baada ya kuajiriwa ualimu.

Kutoka Katesh, mji ulio karibu na kijiji, alinyamaza njia nzima. Tulipoingia kwenye foleni ya mjini, akaanza kusema. Kila magari ya mbele yaliposogea nilikanyaga mafuta, halafu nikafunga breki ghafla.

"Unachoma mafuta bure, mwanangu," alisema. "Unalikimbiza gari, papo hapo unalisimamisha. Mafuta uliyokanyaga yamekufikisha wapi?"

"Nikiacha nafasi wananichomekea mbele, baba."

"Waache wachomekee."

Nilijaribu. Niliacha nafasi, gari likawa linajivuta polepole bila kusimama kila mara. Yeye aliinamisha kichwa akisikiliza. Mara akasema, "Toa mguu, huko mbele wanasimama." Muda si mrefu taa za breki zikawaka mstari mzima. Alikuwa ameyasikia magari ambayo hakuweza kuyaona. Nilicheka kwa furaha, nikasahau kwa muda tulikokuwa tunakwenda.

Daktari alikuwa kijana. Alimpa baba shikamoo, akampima kwa muda mrefu, kisha akatueleza kwamba presha ya macho imeshaharibu mishipa. Dawa ingelinda kilichobaki; kilichopotea hakirudi.

Baba aliuliza swali moja tu. "Na kuendesha?"

"Hapana, mzee. Usiendeshe tena."

Wakati wa kurudi niliendesha kwa hasira. Nilipiga honi, nikalazimisha kupita, nikafunga breki nyuma ya malori. Mshale wa mafuta ulishuka haraka, nami nikawa nangoja anigombeze. Tuliposimama kituoni kujaza tena, nilishindwa kuvumilia.

"Baba, mbona husemi kitu?"

"Niseme nini? Gari ni lako."

Nilishuka nikasimama upande wa pili wa gari, asije akasikia ninavyolia.

Siku hizi nikienda Gitting namkuta ameketi penye jua, shuka begani. Mwezi uliopita nilimwomba twende wote Katesh, japo kubadilisha hewa. Alisema atabaki na ng'ombe. Ng'ombe walikuwa wameshapelekwa malishoni tangu asubuhi. Nilimwacha hapo, nikaondoka.