Begi la Pangaboi

Mwanamke huyu ni dobi, na anayetaka ugomvi naye amwambie tu kwamba mikono yake imechakaa. Atamnyooshea hiyo mikono usoni, kisha atamwuliza ya kwake imefua nini tangu izaliwe. Anaishi vyumba viwili vya uani. Cha mbele ndicho sebule, ndicho jiko, ndicho kiwanda: beseni kubwa la bati limekaa katikati, kamba zimevutwa kutoka dirishani hadi mlangoni, na ukiingia bila kuinama unapigwa kofi na shuka mbichi.

Ana watoto wawili. Mkubwa ni binti, na mtaa mzima unamwita Pangaboi, ile feni ya darini, kwa kuwa akishawashwa hajui kuzimwa. Mdogo wake wa kiume wanamwita Fataki, na hapo sina haja ya kueleza. Kliniki walishamwambia mama mtu kwamba huo si utundu wala kukosa adabu. Watoto wana hali inayofanya akili na mwili visitulie. Wape kazi ya mwili, agizo moja moja, na fimbo weka kando. Dobi alicheka peke yake njiani kurudi nyumbani, maana kama kuna kitu kilichojaa nyumbani mwake ni kazi ya mwili.

Basi mvua ikishika na shule zikafungwa, yeye hahangaiki kutafuta midoli. Nyumba ya wageni ya mtaa wa pili humletea mablanketi, na blanketi zito halifuliwi kwa mikono, linakanyagwa. Watoto wanaosha miguu, wanakunja nguo magotini, wanaingia kwenye beseni wameshikana mabega, na hapo ni kukanyaga na makelele mpaka povu linapanda ukutani. Halafu kukamua: mmoja huku, mwingine kule, wanalisokota blanketi mpaka mmoja wao anaangushwa chini. Akili ya Fataki ikitoroka anatumwa vibanio vya kuanikia, kimoja kimoja, aende mbio arudi mbio. Ni fujo? Ndiyo, ni fujo. Lakini kazi inakwisha, na jioni watoto wanakula kama watu.

Shangazi yao hakulipenda jambo hilo hata chembe. Yeye ni dada mkubwa wa baba yao, na baba mwenyewe yuko kazini mbali. Ukimpigia simu ana neno moja tu, dada ataamua. Dada akaja na uamuzi wake mkononi. Pangaboi atakwenda kuishi kwake, akanyooshwe. Akafungasha begi la mtoto yeye mwenyewe, nguo zote safi zimepigwa pasi, akaliweka mlangoni. Hapo mvua ikafunga barabara, na shangazi mtu akakwama humo humo vyumba viwili, akikwepa shuka na kusonya.

Asubuhi ya pili, alipowaona wote wawili ndani ya beseni, uvumilivu ukamwisha. Alisema hayo ya kliniki ni maneno ya watu waliochoka kulea. Akawatoa majini, Fataki akafungiwa chumba cha pili, mkeka ukatandikwa, na sharti likatamkwa: Pangaboi akiweza kukaa kitako, kimya, bila kujitikisa mpaka mvua ikatike, begi litafunguliwa na shangazi ataondoka peke yake. Mtoto akiinuka, wanaondoka pamoja.

Dobi alifungua mdomo kukataa. Alichelewa, mtoto alikuwa ameshakaa.

Na alikaa kweli, jamani. Mama yake aliingia kwenye beseni akakanyaga peke yake, macho kwenye mkeka. Pangaboi alikuwa amevishika vidole vyake vya miguu, amevibana mpaka kucha zimegeuka nyeupe. Jasho lilimtoka na baridi ile. Kutoka chumba cha pili kitanda kilikuwa kinalia chini ya Fataki, na kila kikilia, mabega ya dada yake yalitetemeka.

Shangazi alitabasamu. Akasema si mnaona, kumbe anaweza, alikosa tu mtu wa kumbana.

Juu ya paa la bati yalibaki manyunyu. Ungekamua blanketi moja tu na mvua ingekuwa imekatika, mtoto ameshinda. Dobi alilijua hilo vizuri. Lakini aliona pia damu kwenye mdomo wa chini wa mwanawe, pale meno yalipouma, na akaona kwamba akinyamaza, mtoto huyu leo atajifunza kuwa kuishi na mama yake ni kitu cha kununua kwa kujiumiza. Hasira ikampanda mpaka masikio yakawaka.

"Inuka, mama," alimwambia binti yake. "Njoo ukanyage."

Pangaboi hakugeuza hata shingo. "Bado kidogo tu. Nashinda."

"Hakuna mashindano hapa. Hapa ni kwenu. Inuka."

Mtoto akainuka, miguu imekufa ganzi, na kilio alichokuwa amekibana asubuhi nzima kikamtoka chote kifuani kwa mama yake.

Shangazi alijikung'uta gauni. Kwa upole wa mtu aliyekwisha kushinda, akamkumbusha wifi yake kwamba sharti amelivunja mwenyewe, mvua hiyo imekatika, mtoto avae viatu.

Dobi alikwenda mlangoni, akalichukua lile begi, akafungua zipu na kulipindua juu ya beseni. Magauni, sweta, sare za shule, soksi zilizokunjwa mbili mbili, vyote vikazama kwenye povu. Kisha akafungua chumba cha pili, na Fataki hakungoja kuambiwa. Aliruka ndani na viatu vyake. Pangaboi akamfuata, akifuta machozi kwa kiwiko huku anakanyaga.

"Wifi, umeingiwa na wazimu?"

Dobi alimkabidhi begi tupu.

"Mwambie mdogo wako nguo za binti yake ziko majini. Na zikikauka, nitazilowesha tena."