Hedifoni Zangu na Hitma ya Baba Mkwe

Jamani, hili nalisimulia mwenyewe kabla hamjalisikia kwa shemeji yangu Kassim, maana yeye akilisimulia ananiongezea chumvi mpaka naonekana mwehu, wakati ukweli wenyewe mkavu, bila chumvi wala ndimu, unatosha kabisa kunifanya nijifunike shuka mchana kweupe. Mpaka leo nikikatiza mtaa wa wakwe zangu kuna watu wazima, wana ndevu na wajukuu, wananisalimia kwa kuweka kiganja sikioni.

Mimi nauza mapazia Kariakoo. Siku moja rafiki yangu anayefuata mzigo China alirudi na hedifoni alizoagizwa na mtu wa studio, yule mtu akaingia mitini, na jamaa akaja nazo dukani kwangu akaniambia, "Idrisa, zijaribu tu." (Msije mkakubali neno hilo, zijaribu tu, ndivyo watu wanavyooa.) Kwa kuziangalia hazina maajabu, kubwa kama vibakuli viwili vya uji, ila nyuma ya kila bakuli hakujazibwa, kuna wavu wa chuma wenye matundu kama chekeche, kwa hiyo hewa inaingia na kutoka, na sauti nayo inatoka. Hilo la sauti kutoka liwekeni akilini, mimi sikuliweka.

Nikaweka wimbo wa dansi la zamani, wimbo ambao nimeukuta nyumbani kwetu toka napata akili. Wallahi nilisikia kidole cha mpiga gitaa kikiteleza kwenye uzi. Nikamsikia mwimbaji anavuta pumzi kabla hajaingia kwenye beti. Halafu katikati, upande wa kushoto, nyuma ya tarumbeta, mtu akakohoa, nikavua hedifoni nikageuka nimuone aliyeingia dukani, na dukani hakuna mtu! Alikohoa studio, miaka hiyo hata mama yangu hajaolewa, na mimi nimeucheza wimbo ule kwenye harusi ngapi nisijue kama kuna binadamu mle ndani ana mafua. Basi nikajua hizi hedifoni haziondoki.

Na hazikuondoka, tumezeeka pamoja. Joto la Dar mnalijua, hedifoni za kuziba ukivaa nusu saa masikio yanachemka kama maandazi, lakini hizi upepo unapita, unaweza kushinda nazo toka unafungua duka mpaka adhuhuri, mteja akiita unamsikia, mke akiita unamsikia (hiyo ni faida na hasara). Yale mazulia yake ya masikioni yalipochakaa nilimpelekea fundi cherehani jirani, akanishonea mengine kwa kipande cha mahameli ya pazia, rangi ya zambarau, yakakaa vizuri kuliko ya kiwandani. Waya ulipokatika fundi redio akaubadilisha. Kila mwaka unavyopita naona kama zinazidi kunifundisha kusikia, nyimbo zilezile, lakini leo nasikia kinanda ambacho jana sikukisikia. Mke wangu Zuhura anaziita mke mwenzangu, na analo lalamiko moja tu: "Idrisa, hizo hedifoni zako tunasikiliza nyumba nzima." Nikawa nacheka.

Sasa njooni kwenye siku yenyewe. Ilikuwa arobaini ya baba mkwe, hitma inasomwa nyumbani kwake baada ya alasiri, nyumba ya zamani ya Kiswahili, ukuta wake mmoja wameshirikiana na jirani yao Mzee Mushi, Mchaga wa Kilimanjaro anayeuza vyombo kwa jumla. Mzee Mushi na wakwe zangu wameishi vizuri miaka mingi, ila kabla ya msiba walikuwa wamenuniana kwa sababu ya jenereta lake, linanguruma ukutani kwa baba mkwe mgonjwa, maneno yakatoka, salamu zikakatika. Baba mkwe alipofariki, Mzee Mushi ndiye aliyefunga duka wa kwanza, akaja na viti na maji, akakaa barazani siku zote za tanga, na kwa ajili hiyo mama mkwe wangu, Bi Mwanaidi, akasema yaliyopita yamepita. Lakini kidonda kilikuwa kibichi bado. Nawaambia hili ili mjue nilikwenda kuchokonoa wapi.

Mchana ule nilikuwa dukani nimezivaa, adhana ikanikuta katikati ya ule wimbo wa kikohozi, nimeuweka ujirudie, tarumbeta ndiyo zinaanza kupanda. Mtu mwenye akili angezima kile kimashine changu cha muziki (hizi hedifoni zinakula nguvu, simu peke yake haiziwezi, kwa hiyo nina kimashine kidogo kama kiberiti na sauti lazima niipandishe). Mimi nikasema, ah, kuzima kabisa nitapoteza mahali nilipofika, ngoja niusimamishe tu, nikirudi naendelea. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo kama punje ya mtama. Nikatia kila kitu kwenye begi, juu yake nikaweka pakiti za tende nilizotumwa na Zuhura, nikavaa kanzu, nikaenda.

Tukakaa wanaume sebuleni juu ya mikeka, wanawake uani. Mimi kwa ukwe wangu nikajisogeza kwa adabu mpaka ukutani, ukuta uleule wa Mzee Mushi, begi nikaliegemeza nyuma ya mgongo. Tukagawana juzuu, tukasoma, sauti zimejaa nyumba nzima hata mbu hasikiki. Tukamaliza. Maalim akainua mikono aombe dua, kukawa kimya kabisa.

Na katika ule ukimya, kwa mbali, kama redio ya nyumba ya pili, gitaa.

Maalim akanyamaza, akasubiri, akaanza tena. Gitaa nalo likaendelea, na sasa limepata mwimbaji, jamaa anabembeleza mpenzi wake arudi. Watu wakafungua macho. Vichwa vikageuka vyote kwenye ukuta, yaani kwangu, ila kwa sababu nyuma yangu ndiyo kwa Mzee Mushi hakuna aliyeniwazia mimi, na mimi sikujiwazia.

Shemeji Kassim, ambaye hasira zake ziko karibu kama kiberiti cha jikoni, akanong'ona, "Huyu mzee! Leo? Leo hii?"

Na hapa, ndugu zangu, ndipo niliposhindwa kunyamaza. Nikafumba macho, nikainamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua, nikasema kwa sauti ya mtaalamu, "Ni kwake. Tena ni chumba cha nyuma. Hilo ni gitaa la rithimu, linatoka kwenye spika ndogo." Watu wakatikisa vichwa, si wanajua nina masikio? Na moyoni, Mungu anisamehe, nilikuwa nawaza kwamba Mzee Mushi kumbe ana ladha, wimbo wenyewe ndio nilioukatisha mchana.

Kassim akasimama. "Twende tukamwambie. Idrisa, wewe unayejua chumba, tangulia."

Nikatangulia. Na begi langu begani, maana hedifoni zangu siziachi kwenye mkusanyiko.

Huko nje kelele za mtaa zilimeza muziki. Tukabisha hodi, Mzee Mushi akafungua mwenyewe, amevaa fulana na miwani, na nyuma yake televisheni inaonyesha mpira, watu wanakimbia uwanjani bila sauti hata chembe. Alikuwa anaangalia mechi kimya. Mwenye akili angeona hapo akaomba radhi akarudi zake.

"Shikamoo, mzee," akasema Kassim.

"Marahaba. Karibuni, mmeshamaliza dua?"

"Tungemaliza, mzee. Tunaomba upunguze muziki."

"Muziki gani?"

Tukaingia ndani, mlango ukafungwa, kelele za barabara zikabaki nje, na sebule ikajaa tarumbeta kwa mbali. Kassim akanyoosha kidole hewani. "Huo."

Mzee Mushi akasikiliza, akavua miwani, akashangaa kweli. Akamwita mkewe jikoni, "Mama Eli, umewasha redio?"

Mama Eli akatoka na mwiko mkononi. "Redio gani, baba, na wenzetu wanamsomea mzee wao? Si hata wewe nimekuzimia sauti ya mpira?"

"Sasa huu unatoka wapi?"

"Chumba cha nyuma," nikasema mimi.

Tukaenda chumba cha nyuma, muziki upo. Tukaenda stoo, katikati ya masufuria na hotpoti, muziki upo, tena unajibiwa na masufuria. Nikaweka sikio kwenye friji. Nikapiga goti na kanzu yangu nyeupe nikachungulia chini ya kitanda cha watu wazima wenye heshima zao, nikasema, "Hapa umekaribia sana." Kassim ananiangalia kwa matumaini, Mzee Mushi ananishikia tochi ya simu, na mimi natembea na wimbo mgongoni nikiutafuta nyumba nzima kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.

Mama Eli ndiye alikuwa hatembei. Alisimama koridoni anatuangalia tunapita, tunarudi, halafu akasema taratibu, "Baba, wewe mwenye kanzu. Begi lako linaimba."

Nikasimama. Nikaligusa. Lilikuwa linatetemeka kidogo. Nikafungua zipu, pakiti ya tende imelalia kitufe cha kimashine cha kuendeleza wimbo, na hedifoni, na yale matundu yao yote ya chekeche, zikamwaga koridoni kiitikio kizima.

Jamani, kuna aibu ya kucheka na kuna aibu ya kutafuta shimo. Dirishani majirani wamejaa, wamekuja kusikia ugomvi. Mlangoni kasimama Maalim mwenyewe, amekuja kusuluhisha. Kwa pupa, badala ya kuzima nikapandisha, mwimbaji akalia kwa nguvu zake zote, rudi mpenzi rudi, mbele ya Maalim.

Mwishowe nikazima. Mzee Mushi hakucheka. Akarudi kukaa kwenye kiti chake, akasema, "Mmekuja mkijua ni mimi. Hamkuuliza. Mmekuja tu mkijua."

Kassim kichwa kikaenda chini. Nikaona lile jenereta linarudi katikati ya nyumba mbili, na safari hii limewashwa na mimi. Nikapiga magoti palepale (kanzu ilikuwa imeshachafuka, sikuwa na cha kupoteza) nikamwambia, "Mzee, kosa ni langu. Shemeji yangu alikasirika, lakini mimi ndiye niliyesema chumba cha nyuma. Nisamehe, na usiwahesabie wenye msiba."

Akavaa tena miwani yake. Halafu akanyoosha mkono. "Lete hilo dude."

Nikampa. Akaziweka kichwani, zimemkaa juu ya mvi zake kama taji, akasema, "Washa." Nikaangalia mlangoni kwa Maalim, Maalim akaangalia dari. Nikawasha kidogo kabisa. Mzee Mushi alikaa akiwa amekunja uso, anataka kuzichukia, namuona anataka kabisa, na uso ukawa unalainika wenyewe kama mkate kwenye chai. Akanyanyua kidole. "Aisee. Kuna mtu anakohoa humu."

"Yupo, mzee."

"Anakohoa kushoto."

"Nyuma ya tarumbeta."

"Aisee!" Akaanza kucheka, tumbo linaruka ndani ya fulana, Kassim akamfuata, na dirishani wakalipuka wote ingawa hawajui huyo anayekohoa ni nani. Mzee Mushi akazivua kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama mtu anayemshusha mtoto aliyelala, akanirudishia. "Chombo hiki ni kizuri," akasema. "Mwenye nacho ndiye mbovu." Kisha akavaa shati, akasema anakuja kuitikia dua, asije akasingiziwa lingine.

Ikabaki kupita uani kwa mama mkwe. Bi Mwanaidi alikuwa amekaa na eda yake, kajitanda nguo nyeupe, habari zimeshamfikia kabla yangu. Nikachuchumaa mbele yake, nyuma yake Zuhura kajiziba mdomo kwa kanga, siyo analia.

"Idrisa, baba," akasema mama mkwe, pole pole, wanawake wote wametega masikio, "hebu nieleweshe mie mtu mzima. Hicho chombo chako ni cha kusikilizia, au cha kusikilizisha?"

Nikatoa zile pakiti za tende, nikamkabidhi, nikarudi sebuleni. Dua ikaombwa upya, Mzee Mushi kakaa kando yangu kwenye mkeka, na pilau ilipokuja tukala sinia moja, na kila nikinyanyua tonge ananiambia kwa kunong'ona, "Tafuna taratibu, wanakusikia."

Hedifoni bado ninazo. Msidhani nilizikasirikia, zilifanya kazi yao vizuri kuliko mimi nilivyofanya yangu, na Ijumaa moja moja Mzee Mushi anapita dukani, anaziazima, anakaa katikati ya mapazia na macho kafumba mpaka wateja wanamdhania amelala. Ila nimeapa mambo mawili. La kwanza, kusimamisha sisimamishi tena, nazima, na nikizima natoa na waya. La pili, siku nyingine mtu akiniuliza kelele inatoka kwa jirani yupi, hata kama naijua, hata kama nina uhakika wa chumba na wa gitaa, nitaomba kwanza nipewe nafasi nijipekue.