Popo wa Shaba wa Shangazi Mwanaidi

Niliondoka Mbinga kwa sababu ya simu. Shangazi yangu Mwanaidi, mjane anayeishi peke yake Lituhi, kando ya ziwa, si mtu wa kulia, lakini Jumapili ile alilia. Majirani walikuwa wameanza kumwita mchawi. Chanzo kilikuwa chombo cha maua cha shaba nyeusi, kazi ya Wachina wa zamani, ambacho babu yetu alikuja nacho alipohamia huku kutoka Lindi. Jirani mmoja aliingia kusalimia, akaona popo waliochorwa shingoni mwa chombo hicho. Tangu hapo upepo ukivuma, watu husema wanasikia kitu kinagonga nyumbani kwa shangazi. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa ameitisha kikao.

Neno mchawi kwetu si la kuchezea. Wazee wamefukuzwa kwa ajili yake, na wengine wamefikwa na makubwa zaidi. Mimi ni mwalimu wa sanaa, na niliwahi kupelekwa China kwa mafunzo mafupi ya kuyeyusha shaba. Nikaomba ruhusa shuleni, nikaenda.

Hadi Kitai njia ilikuwa rahisi, lami tupu, na kahawa imeanikwa kwenye vichanja huku na huku. Kitai nikabadili gari. Baada ya kijiji cha Ruanda, kwenye malori ya makaa ya mawe, vumbi lilituzidi tukafunga vioo. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kuwaambia watu wale, nayafuta, natunga mengine.

Lituhi nilifika alasiri. Wanawake walikuwa wanakusanya usipa, dagaa wa huku, kutoka juani. Niliposalimia, wawili waliitikia na mmoja akageuka pembeni. Nikaharakisha kwenda kwa shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja." Alinishika mkono, hakuuachia upesi. "Nilitaka kukitupa ziwani. Nikaona nikikitupa, watasema nimeficha."

Chombo kilikuwa mezani kando ya dirisha. Nilikuwa sijakiona tangu utotoni, na hata kwa hofu niliyokuwa nayo nilisimama kukitazama. Shaba imeingia weusi, mikunjoni ina ukijani. Chini pana mawingu yaliyojiviringisha, juu popo watano wamekunjua mabawa. Kila upande pana kichwa cha mnyama mwenye macho makali, ameng'ata pete. Nilizigeuza pete zile nikitafuta kiungo, nisikione. Fundi alitengeneza kila kitu kwa nta, pete ikiwa tayari kinywani mwa mnyama, akafunika kwa udongo, akachoma nta ikatoka, kisha akamimina shaba mahali pake.

Kesho yake asubuhi kikao kikakaa uani. Mwenyekiti alimpa nafasi kwanza Mama Komba, yule jirani aliyewaona popo.

"Sina ugomvi na Bibi Mwanaidi," alisema. "Lakini popo ni popo. Na mlio nimeusikia kwa masikio yangu."

Niliwaeleza nilivyofundishwa. Kwa Kichina, neno la popo na neno la baraka hutamkwa sawa, kwa hiyo fundi akitaka kukuombea baraka anakuchorea popo. Wakiwa watano, anakuombea maisha marefu, mali, afya, tabia njema, na kufa kwa amani uzeeni. Wanyama wenye pete ni walinzi tu wa nyumba.

Watu walitazamana. Mama Komba akauliza, "Na mlio?"

"Mlio siujui," nikamjibu. "Twende ndani tuusubiri."

Tukaingia mimi, yeye, mwenyekiti na shangazi. Upepo wa mwera ulipoanza kuvuma kutoka ziwani, pazia likajaa upepo, likaipiga pete, na pete ikagonga shaba. Ngo. Shangazi akafumba macho.

Mama Komba aliinuka, akaishika pete kwa kidole. Kimya. Akaiachia. Ngo. Akaishika tena, akaiachia tena, kisha akafunga dirisha mwenyewe, na pazia likatulia.

"Kumbe ni hiki," alisema, akakaa kwenye kiti cha karibu. "Bibi, nisamehe. Mimi ndiye niliyewaambia watu."

Shangazi alikwenda jikoni, akarudi na chai, na kikombe cha kwanza akampa Mama Komba. Mwenyekiti akasema atakwenda kuwaambia watu mwenyewe, hatatuma mtu.

Siku ya kurudi, gari lilikuwa limesimama Ruanda shangazi aliponipigia.

"Mwanangu, nimelala usiku kucha. Hata swala ya alfajiri imenipita, Mungu anisamehe."

Nilishuka nikanunua ndizi, nikala nimesimama kwenye vumbi lile, na zilikuwa tamu. Nilichojifunza ni kidogo tu. Baraka ya watu wa mbali ingeweza kumuua mtu wetu, na kilichomwokoa ni kwamba jirani alikubali kuingia ndani, akashika kwa mkono wake kitu alichokiogopa.