Sista Shingo na Mchoro Uliogeuka

Alizaliwa mwaka 1931 katika chumba cha nyuma cha duka la fundi viatu, mtoto wa sita, na baba yake alimfundisha kushika kisu kabla hajajua kushika kalamu. Mama yake alipopasuliwa rovu, ule uvimbe wa tezi ya shingoni, alirudi nyumbani shingo imepona lakini sauti imekwenda. Tangu hapo aliwaita wanawe kwa kupiga makofi. Binti akaingia utawa na swali moja: ni uzi gani ule uliokatwa?

Swali hilo lilimpeleka kwenye udaktari, kisha kwenye ukumbi wa anatomia, alikofundisha miaka thelathini. Waliosoma siku zile wanaukumbuka ukumbi ule kama nyumba ya utotoni: madirisha marefu, harufu ya dawa ya maiti iliyogoma kutoka kwenye makoti hata yafuliwe mara tatu, na Sista akichora ubaoni kwa mikono miwili kwa mpigo. Wanafunzi walimbandika jina la Sista Shingo, maana alipasua shingo za marehemu mia moja na nne akiipima neva ya sauti, ile inayojificha nyuma ya tezi, ili wapasuaji wajue pa kuikwepa.

Mwaka 1968 ukumbi ulihamia jengo jipya, na vichwa vya meza vikasukumwa ukutani. Sista, aliyezoea kusimama kichwani pa marehemu, sasa alifanya kazi akimtazama usoni. Kulia kwake kukawa kushoto kwa marehemu. Katika anatomia, kulia ni kwa aliyelala, si kwa anayetazama. Hilo alilifundisha kila mwaka, na kwa miili kumi na mmoja akalisahau. Mchoro wa shingo alioutoa kwa miili hiyo ukachapwa, ukapelekwa hospitali.

Jumatatu moja mwanafunzi mcheshi aliuinua mchoro ule darasani.

"Sista, marehemu wetu kahamisha moyo? Mbona mshipa mkuu unapindia kulia?"

Darasa likaangua kicheko. Sista akautazama, akaona pande zimegeuka. Asubuhi ileile daktari mkuu wa upasuaji, aliyepata kuwa mwanafunzi wake, alikuwa na mama mwenye rovu mezani. Sista akatoka mbio na aproni yake, akamkuta akinawa mikono mbele ya wasaidizi wote.

"Usimkate kwa mchoro wangu. Nimegeuza pande, na neva ya kulia haipiti njia ya kushoto."

"Sista, polepole basi! Unajivunjia heshima mbele za watu."

"Heshima yangu itapona, mwanangu. Neva ya mama huyu ikikatwa haiponi."

Mchoro ukabanduliwa ukutani, neva ikatafutwa kwa macho na subira. Mama yule alipozinduka, alianza kwa kumgombeza muuguzi kuwa bandeji inambana.

Chuo kilimvua Sista ukuu wa idara. Kwa miaka miwili alizipima upya shingo zile kumi na moja, akiosha trei mwenyewe, akatoa mchoro ambao wapasuaji hawajauacha. Alifariki Machi 1989, muhula ukiwa katikati.

Wapo wanaouliza, kama ni mtakatifu, muujiza wake u wapi. Waende wodini asubuhi, wawasikilize kina mama waliopasuliwa rovu wakibishana. Nasi tumwige hivi: ukijua umekosea, usingoje kuulizwa. Kimbia, ukaseme kabla kisu hakijashuka.