Panya Kasingiziwa Dari

Dari iliniangukia nikichuja tui. Boriti mbili zilishuka na mawe na chokaa yake, zikanipiga bega, na hadi leo mkono wangu wa kushoto haufiki kichwani. Kujifunga leso naomba mtu.

Nilipotoka hospitali, mwenye nyumba alikuja. Bega hakuliuliza. Alitazama lile tundu, akasema, "Ni panya hao, mama. Wapika mahamri ya kuuza humu, wawalisha. Tafuta pengine pa kukaa."

Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini panya namjua, nimezeeka naye humu Mji wa Kale. Panya ana meno na ana kelele. Akikwaruza utamsikia, na asubuhi utakuta unga wa mbao na mavi yake. Tena boriti ya mkoko ni ngumu. Huiparaza pembeni, akachoka, akarudi kwenye viazi vyangu.

Aliyeila boriti yangu hana meno. Ni uyoga, bapa, wa kahawia, ulioota kama sikio pale mti unapoingia ukutani. Huo hausikiki. Wataka maji tu, kisha waula mti ndani kwa ndani, na nje boriti yang'aa rangi.

Na maji yalitoka wapi? Kwenye tangi alilopandisha mwenye nyumba juu ya paa, likawa lavuja. Nilimwambia. Akamleta fundi wake wa Makadara, akalikwangua lile sikio kwa kisu, akapaka rangi ya mafuta juu ya boriti iliyolowa. Wazee wetu walipaka chokaa, mti upate kupumua. Hawa walipaka rangi ninyamaze. Hao wawili ndio walioniangushia dari. Majina siyataji, mtaa mzima wawajua.

Basi nikamfuata mwenye nyumba barazani baada ya sala ya alasiri, yuko na wenziwe wanywa kahawa. Nikamtia kipande cha boriti mkononi.

"Nionyeshe jino la panya hapo, bwana."

Akakibana, kikamong'onyoka kama keki iliyolowa, kikamchafua kanzu. Mmoja wao akacheka kwenye kikombe chake: "Basi panya huyo kibogoyo, sheikh."

Mwenye nyumba alijipangusa tu. Habari ya kuhama sikuisikia tena. Lakini tangi liko pale pale, lavuja, na asubuhi yake fundi wake alibisha hodi. Ametumwa kuniletea mtego wa panya.